Shangazi wa Ananta

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo, na anayemenya chungwa aendelee kumenya. Nina kesi ambayo nimeshindwa kuikata. Sikilizeni kwa haki, kwa sababu nikifika mwisho nitanyamaza, na hukumu itakuwa yenu.

Katika mji mmoja wa reli, chini ya milima, palikuwa na nyumba ya ghorofa yenye ua katikati, na katika ua huo waliishi wanawake watatu wenye vipaji vitatu.

Wa kwanza alikuwa Kantaben, mpika bhajia. Kantaben alijua visa vyote vya miungu ya Kihindu: nani alimwoa nani, nani alimlaani nani, na kwa kosa gani. Alivisimulia kwa sauti ya chini, akitazama huku na huku, hata ungedhani anasengenya majirani.

Wa pili alikuwa Mwanaidi, binti wa fundi cherehani, aliyezaliwa katika ua huohuo. Yeye alifundisha yoga, kila Jumamosi, katika ukumbi wa hekalu. Aliweza kukaa tuli mpaka nzi wakamsahau.

Wa tatu alikuwa Mwalimu Vidya, aliyestaafu chuo kikuu, ambako alifundisha falsafa ya Kihindu. Alisema machache. Ukimuuliza swali moja, ulirudi kwako na maswali manne, na huna tena uhakika kama ulikuwa na jibu ulipoondoka nyumbani.

Watatu hao waligombania neno moja kama watoto wanavyogombania utando wa maziwa. Neno lenyewe ni la Kisanskriti: ananta, kisicho na mwisho. Kantaben alisema Ananta ni joka la vichwa elfu, linalobeba dunia, na ambalo Mungu Vishnu hulilalia. Mwanaidi alisema ananta ni mkao wa kulala ubavu mguu ukiwa juu, na ni kile kisicho na ukingo ambacho akili hukishika ili mwili utulie. Mwalimu Vidya alisema ananta ni ule uhai ulio ndani ya kila mtu, usiozaliwa wala kufa. Walibishana hivyo kila jioni kwenye chai, na hakuna aliyewahi kukubali.

Sasa, katika chumba cha juu aliishi Jaydev, fundi wa pampu za maji, na mkewe Nirupa. Nirupa alikuwa amebeba mimba mara mbili, na mara mbili alirudi kutoka hospitali mikono mitupu. Hii ilikuwa ya tatu.

Asubuhi moja uchungu ukamshika. Jaydev aliazima gari, akaliwasha, akapanda juu kumchukua mkewe, akamkuta ameng'ang'ania nguzo ya kitanda.

"Siendi," Nirupa alisema. "Kule nimekwenda mara mbili. Sitoki humu."

Jaydev alimbembeleza, akamsihi, kisha akaanza kulia yeye. Kantaben akaingia, mikono imejaa unga wa dengu.

"Nirupa, binti yangu, unajua kwa nini dunia haiyumbi?"

"Kantaben, jamani, si sasa!" Jaydev alisema.

"Wewe nyamaza, kakae kwenye gari lako." Kisha akakaa kitandani. "Zamani dunia ilikuwa inayumba kama sinia kichwani mwa mlevi. Milima inagongana, bahari inamwagika. Brahma, mungu muumbaji, akamwendea Ananta, akamwambia, ingia chini, uishike. Ananta hakuulizwa kama ana nguvu. Hakuulizwa kama haogopi. Aliombwa jambo moja tu, asiitue. Akaingia chini, akaipokea kichwani, na mpaka leo hajaitua. Sasa wewe umembeba huyu miezi yote hii, ngazini, jikoni, sokoni. Nani amekuomba usiogope? Ogopa, mwanangu. Ogopa huku unatembea."

Nirupa akaitazama nguzo, akaiachia. Akashuka ngazi kwa miguu yake.

Mwanaidi na Mwalimu Vidya walikuwa wakingoja chini, na wote watano wakabanana garini. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya reli, na barabara ya kuvuka ilikuwa moja. Walipofika kwenye kivuko, treni ya mizigo ilikuwa imesimama katikati ya njia, mabehewa kulia mpaka macho yachoke, mabehewa kushoto vilevile.

"Injini imekataa," mlinzi wa kivuko aliwaambia. "Mafundi wako njiani."

"Tazameni," Kantaben alisema, "ndiye huyo Ananta, kalala."

Hakuna aliyecheka, kwa sababu Nirupa alikuwa amekunja uso, anapiga kelele kwamba mtoto anakuja na yeye anasukuma. Mwanaidi akamshika mashavu.

"Shoga, nitazame. Usisukume. Hapa hakuna mkunga, hakuna maji, kuna mpika bhajia na profesa. Lala ubavu wa kushoto. Nipe mguu wa juu."

Mguu wa Nirupa ukainuliwa mpaka unyayo ukagusa dari ya gari. Muuza karanga aliyekuwa akipita akainama dirishani. "Huyu mama anaipiga teke treni?"

"Ikisogea, utatushukuru," Mwanaidi alimjibu bila kugeuka. "Shoga, huu ndio mkao wa Ananta, ule uliokuwa unaukwepa kila Jumamosi. Legeza taya. Legeza vidole. Pumua kwa mdomo, fupifupi, kama mbwa juani. Hapo. Sasa usiutazame uchungu, una kingo, utakukata. Tazama anga juu ya yale mabehewa. Tafuta linapoishia. Limeishia wapi?"

"Sioni," Nirupa alihema.

"Endelea kutafuta."

Alitafuta. Mwili wake ukatulia kama maji kwenye beseni, wimbi la uchungu likaja likapita, likaja jingine likapita, naye hakusukuma. Injini ikakohoa. Mabehewa yakagongana, yakaanza kusogea, na muuza karanga akapiga makofi.

Hospitalini nesi alisema anaingia mtu mmoja tu na mama. Kabla wengine hawajafungua mdomo, Mwalimu Vidya akasema, "Mimi ni Dokta Vidya," jambo ambalo lilikuwa kweli, na nesi akampisha.

Ndani, Nirupa alisukuma mpaka akaishiwa. Alifumba macho, akageukia ukuta.

"Nimekwisha, Mwalimu."

"Nani amekwisha?"

"Mimi! Nguvu zangu zimekwisha."

"Nguvu zimekwisha, nakubali. Ni nani anayeona kwamba zimekwisha?"

"Mwalimu, nitakupiga."

"Vizuri. Huyo anayetaka kunipiga, naye amekwisha?"

Nirupa akafumbua macho.

"Huyo alikuwepo mara ya kwanza ulipotoka humu ukilia," Mwalimu Vidya alisema polepole. "Alikuwepo mara ya pili. Kila kitu kilikwisha, yeye akabaki. Huyo hana mwisho, Nirupa. Mwachie yeye kazi, kisha uje unipige."

Nirupa akamshika mkono, akaubana mpaka mifupa ikalia, akasukuma kwa nguvu ambazo mpaka leo hajui zilitoka wapi. Mtoto akatoka, wa kike, kamba ya kitovu imemzunguka shingoni. Mkunga akaitoa haraka. Kisha kilio kikali, cha hasira, na kule nje Kantaben akaanza kucheza, akamshika mlinzi wa lango, mlinzi naye akacheza.

"Angezaliwa nyumbani, angekufa," mkunga aliwaambia baadaye. "Mama angesukuma garini, mtoto angekufa. Angeacha kusukuma humu ndani, angekufa vilevile."

Sasa ndipo lilipo tatizo, nalo ni kosa la Jaydev.

Kwa Wagujarati, mtoto hupewa jina na dada wa baba. Humwita foi, yaani shangazi. Siku ya sita foi huja na gauni na peremende, mtoto hulazwa kwenye kitambaa, watoto wanne hushika pembe, humbembeza na kuimba, na mwisho wa wimbo foi huinama akamnong'oneza jina sikioni. Tangu hapo yeye ni foi wake maisha yote. Ndiye anayemtetea mtoto kwa baba yake, ndiye anayesimama kwenye harusi yake. Jaydev alizaliwa peke yake, hana dada. Na kwa furaha yake alimwambia Kantaben ngazini, "Wewe ndiye dada yangu, utampa jina." Akamwambia Mwanaidi kwenye kivuko. Akamwambia Mwalimu Vidya mlangoni mwa wodi. Kila mara alimaanisha.

Siku ya sita wakaja watatu, kila mmoja na gauni jipya la mtoto na sahani ya peremende za maziwa.

"Mwanaidi, mama," Kantaben alisema, akiliangalia gauni, "umependeza. Umekuja kumsindikiza foi?"

"Nimekuja kuimba. Wimbo huu nimeuimba kwa nusu ya watoto wa mtaa huu, Kantaben, na wewe kila mwaka unaruka ubeti wa pili."

"Mimi naruka? Mwalimu, mwambie."

"Unaruka," Mwalimu Vidya alisema. "Lakini hilo halimfanyi Mwanaidi kuwa foi. Jaydev, ulimwahidi nani?"

Jaydev alitazama viatu vyake. "Semeni jina wote pamoja," alipendekeza.

"Mtoto ana masikio mawili," Kantaben alisema.

"Na shangazi watatu ni kamati," Mwalimu Vidya aliongeza.

Ua mzima ukacheka. Lakini Mwalimu Vidya hakucheka. Alikuwa na kaka mmoja aliyekufa bila mtoto, na hakuna aliyewahi kumwita foi. Wana wa Kantaben walikuwa wamehamia ng'ambo, na wajukuu zake aliwajua kwa picha. Mwanaidi alikuwa mtoto pekee kama Jaydev. Walicheza pamoja katika ua huo, na alipokuwa mdogo akiulizwa kama ana kaka, alimwonyesha yeye.

Jina halikuwa na ugomvi. Wote watatu walikuja na lilelile: Ananta.

"Basi kuna shida gani?" muuza karanga, aliyealikwa, aliuliza.

Nirupa ndiye aliyemjibu. "Siku moja ataniuliza jina lake lina maana gani. Nami nitamwambia, kamuulize foi wako. Atakalosikia huko ndilo atakalokua nalo." Akawageukia wale watatu. "Bila wewe nisingetoka. Bila wewe nisingefika. Bila wewe nisingemaliza. Mnanitaka nichague nini?"

"Mikono inauma!" alilalamika mtoto mmoja kwenye pembe ya kitambaa.

Wakaanza kuimba. Kantaben hakuruka ubeti. Kitambaa kilikwenda na kurudi, mtoto akafumbua macho, akapiga miayo, na wimbo ukafika pale unaposimama kungoja jina. Wanawake watatu wamepiga hatua moja mbele, wamesimama. Nirupa ameinua mkono ili amguse mmoja begani.

Mimi naishia hapo, mkono ukiwa hewani. Ninyi mmesikia yote. Ungekuwa wewe Nirupa, ungemgusa nani? Na huyo mtoto akikua akataka kujua jina lake, ungependa agonge mlango upi?