Chai Chini ya Bwawa

Mzee mmoja, jina lake Mgaya, alikuwa na bwawa la udongo juu ya bonde, bwawa lake mwenyewe la kumwagilia kabichi. Ukuta wake aliuinua kwa jembe na toroli, kisha akapitisha ng'ombe juu yake msimu mzima, huku na huku, mpaka udongo ukashikamana. Pembeni alichimba mfereji, ili maji yakizidi yapate pa kutokea. Kazi nzuri, hakuna aliyebisha.

Halafu akafuga perege. Perege wakanona, na kila maji yalipozidi wakatoroka nayo kupitia ule mfereji, Mgaya akaona uchungu, akaziba mdomo wa mfereji kwa wavu. Wavu ukazuia samaki, sawa, lakini ukazuia pia majani, matawi, magunia, mabua ya mahindi, mpaka maji yakakosa njia kabisa. Na mvua haikungoja.

Chini ya ukuta, hatua mia mbili tu, aliishi Atukuzwe, mama kijana mwenye mtoto wa miezi minne. Akapanda mbio, mtoto mgongoni, akaona maji yamebakiza shubiri moja kufika ukingoni, akasema yote kwa pumzi moja, wavu, maji, mtoto, ukuta, baba nakuomba toa huo wavu. Mgaya akacheka. "Mwanangu, juu ya ukuta huu wamepita ng'ombe arobaini. Hauendi popote." Waliokuwa wakipalilia kabichi wakacheka naye, wakasema mama huyu anaogopa hata povu la sabuni.

Atukuzwe hakubishana. "Basi karibu kwangu, baba, unywe chai." Mzee gani anakataa chai siku ya mvua? Akashuka.

Atukuzwe akamwekea kigoda mlangoni, uso ukielekea mlimani. Akampa kikombe, na mtoto akampakatisha mgeni, maana mama alishika birika. Mgaya akainua macho. Miaka tisa ana bwawa, na hajawahi kuliona kutoka huku. Ukuta ulisimama juu zaidi ya paa la nyumba, na pale kileleni maji yalikuwa yameanza kuchungulia, uzi mwembamba tu, ukiteremka na tope. Akanywa funda moja. Akaweka kikombe chini. Akamrudishia mama mtoto wake, akasimama.

"Kaa, baba, umalizie chai," Atukuzwe akasema. "Si ulisema hauendi popote?"

Mgaya alikunja suruali, akapanda kwa mwendo ambao mkewe hajauona tangu wachumbiane, akiita watu waje na mapanga. Wakaukata wavu. Maji yakanguruma kwenye mfereji, yakapita mbali na nyumba, ukuta ukabaki umesimama. Perege nao wakaenda, wakirukaruka, wakatapakaa kwenye matuta ya kabichi, na watu wakawaokota kwa ndoo, kwa kanga, kwa kofia, wakipigiana kelele kama siku ya harusi. Jioni bonde zima lilinukia samaki wa kukaanga. Mgaya mwenyewe alikula watatu, hapo hapo mlangoni kwa Atukuzwe, akaomba na ndimu.

Nawe uliyejenga juu ya wenzako, ni lini uliketi mlangoni kwao ukatazama juu?