Miguu ya Mwandishi

Hapo zamani, vitabu vilipokuwa vikiandikwa kwa mkono na kuibwa kwa mkono uleule, palikuwa na Sultani Hilali wa Kivumoni, ambaye hakuwahi kuandika hata barua, lakini alitamani mno kuitwa mwanachuoni. Na katika mji huo alikuwako tabibu, Bi Mize, aliyeandika kitabu cha maradhi ya funza. Hakukiandika kwa kusikia. Aliitia miguu yake mwenyewe katika vumbi la zizi la mbuzi, funza wakamwingia, akajaribu dawa hii na ile mpaka akaipata inayoponya, na kucha zake zikapotelea humo.

Basi Sultani akakitwaa kitabu kile, akamwita Vuai, mnakili fukara ambaye mji mzima ulimwita punguani. Akamwamuru akinakili upya, jina la mwandishi liwe Hilali, chini yake Waziri, chini ya Waziri Kadhi. Na Bi Mize ashukuriwe ukurasa wa mwisho kwa kupika kahawa. Vuai akauliza kwa upole Waziri na Kadhi walifanya nini. Akaambiwa walikuwapo.

“Sikiliza vizuri, ewe punguani,” akasema Sultani. “Ijumaa maulamaa wa Nyumba ya Vitabu watakuja kukipitisha. Jina langu liwemo, wala lisionekane humo neno moja la uongo. Likionekana, shingo yako.”

“Labeka, bwana wangu,” akajibu Vuai, akaenda zake.

Desturi ya nyumba ile ilikuwa kitabu kisipokelewe mpaka kisomwe chote mbele ya mwandishi, naye aulizwe na aape. Desturi njema, ila maulamaa wale walikwisha kula pilau ya Sultani, na mwenye pilau mdomoni haulizi swali. Ijumaa ilipofika walikuwa wakitikisa vichwa na kusema ajabu, ajabu, kabla kitabu hakijafunguliwa. Wenyewe huiita hiyo elimu.

Ikawa Vuai akaingia, kitabu kwapani na gunia begani, akalimwaga gunia miguuni pa Sultani. Lilikuwa vumbi la zizi la mbuzi. Waziri akauliza huo ni uchafu gani. Vuai akafunua kitabu, akasoma: “Mimi mwandishi nilitia miguu yangu katika vumbi la zizi mpaka funza wakaniingia.”

Kisha akasema, “Bwana wangu, jina lako nimeliandika, lakini miguu yako ingali safi. Umeamuru pasiwe na uongo. Nikiyageuza maneno ya kitabu, wagonjwa watadanganyika. Basi limebaki la kuigeuza miguu.”

Sultani akaagiza aletwe askari atie miguu kwa niaba yake.

“Vyema,” akasema Vuai. “Basi jina la juu ni la askari.”

Hapo Waziri akakumbuka kwamba hata kukisoma hakukisoma, akaomba jina lake lifutwe. Kadhi naye akaomba kabla Waziri hajamaliza. Sijapata kusikia wakubwa wawili wakisema kweli kwa haraka namna ile. Lakini Sultani alikuwa na kiburi, na maulamaa walikuwa wakimtazama. Akavua makubadhi, akatia miguu.

Hazikupita siku nyingi vidole vikavimba, akawa hawezi kukanyaga. Akaletwa Bi Mize, akawatoa funza mmoja mmoja kwa sindano, na kelele za Sultani zikasikika mpaka sokoni.

“Tulia, baba,” akamwambia. “Huyu ana mayai.”

Alipopona akawaita maulamaa, akataka kitabu chake. Vuai akakileta, amekinakili upya. Juu palikuwa na jina la Bi Mize peke yake. Sultani akafura, akauliza jina lake li wapi, naye miguu alitia.

“Miguu ulitia, bwana wangu, dawa hukuitafuta. Kutia miguu tu ni kazi ya mgonjwa.” Vuai akafunua kurasa za wagonjwa, akasoma: “Sultani Hilali. Alipona kwa dawa hii. Alilia kuliko watoto wote waliomtangulia.” Akakifunga. “Ulisema jina liwemo, nalo limo. Kama pana neno la uongo, shingo yangu hii hapa.”

Sultani akawatazama maulamaa. Safari hii hakuna aliyesema ajabu. Akasema kwa sauti ndogo kipitishwe kama kilivyo, akatoka akichechemea. Hekaya imekomea mlangoni alipopitia. Wa kukasirika na akasirike.