Mtumbwi wa Nyabwire Wapanda Pikapu

Haya niliyashuhudia mwenyewe kwa macho haya mawili, mwanzo hadi mwisho.

Mjane Nyabwire alichongesha mtumbwi porini, na pikapu ya kuufikisha ziwani ilikuwa moja tu, ya Magesa, tajiri mwenye tumbo la kiboko na roho ya sisimizi.

"Nitaubeba," Magesa alisema, "ila tukifika mwaloni, kule ufukweni kwa wavuvi, ni wangu. Hutaki, jitwike kichwani."

Nyabwire akafuta machozi ambayo hayakuwepo. "Sawa, baba. Tuite shahidi?"

"Shahidi wa nini? Tunatosha mimi na wewe." Hakutaka ijulikane kwamba anamnyang'anya mjane.

"Basi tuulaze kifudifudi, upepo usiuinue. Na utandike godoro, usije ukachubuka. Si mali yako hiyo?"

Magesa akatoa godoro la kitandani kwake, akakaza kamba mbele na nyuma, akafunga kitambaa chekundu mkiani, akaendesha polepole kama aliyebeba bibi harusi.

Mwaloni, wavuvi wakaushusha na kuugeuza. Ndani, kwa herufi zilizochomwa kwa chuma cha moto, palisomeka: MALI YA NYABWIRE. ASANTE MAGESA KWA KUUBEBA BURE.

"Kumbe nawe una utu, mzee," wavuvi wakamwambia, wakipiga makofi.

"Tulipatana ni wangu," Magesa alifoka.

"Tulipatana lini, baba?" Nyabwire aliuliza kwa upole. "Shahidi wako nani?"

Magesa akakunja godoro lake, akaondoka.

Nimetia chumvi mahali pamoja tu. Walipokuwa wakipatana sikuwepo. Ningekuwepo, Magesa angekuwa na shahidi.