Kofia Iliyolimeza Jua

Sogeeni, nyie mliosoma mpaka mkachakaa. Mimi shule niliiaga mapema, lakini fumbo hili hakuna mwalimu wenu aliyewahi kulisahihisha.

Hapa Tukuyu tulikuwa watatu. Tumpe ana mikono: darubini aliiunda mwenyewe kwa bomba la maji na lenzi aliyoihangaikia mwaka mzima. Anyosisye ana macho: sisimizi akikonyeza, yeye anamwona. Mimi nina mdomo. Msicheke, mdomo nao ni kipaji.

Mvua ilipokata, jua likatoka, tukalielekezea darubini. Hatuchungulii ndani, maana jua hupofusha. Tunaliacha limulike kwenye karatasi nyeupe nyuma ya darubini. Likatua pale, duara kama sahani, lina madoa meusi kama mbegu za papai. Anyosisye akawa anayapiga picha kwa simu.

Akaja Mzee Mwakatundu, fundi cherehani wetu. Jicho lake moja lilikufa utotoni. Lililobaki ndilo linalotunga uzi na kulisha wajukuu.

"Jua lina madoa? Nani kalichafua?" Hakungoja jibu, akainama kwenye darubini.

Anyosisye ndiye aliyegundua. Kwenye simu aliona kivuli cha kofia kinalimeza jua. "Mzee anachungulia!"

Mimi nikaachia sauti iliyowashtua hata kuku wa Kyela: "Mzee! Cherehani inaibiwa!"

Akasita, uso umebaki kidogo tu ufike. Kisha akasema, "Ile nzito, mwizi hafiki mbali. Ngoja nichungulie kwanza." Akainama tena!

Tumpe akaruka. Aliipiga teke darubini yake. Bomba likaanguka, lenzi ikapasuka.

Mzee akavua kofia ili agombe vizuri. Ukingoni akakuta tundu dogo, bado linafuka moshi. Akalitia kidole.

"Ndaga fijo, wanangu," akashukuru kwa Kinyakyusa chake, na jicho lile lile likatoa machozi.

Kwa Mzee, shukrani ya maneno matupu haijashonwa bado. Akatoa kitambaa cha sufu alichojiwekea mwenyewe. Kinatosha koti moja tu, na baridi ya huku haina utani.

"Mpe Anyosisye," Tumpe akasema. "Asingeona, ningepiga teke ya nini?"

"Mpe Tumpe. Mimi simu yangu ninayo, yeye darubini hana tena."

"Na mimi je?" nikauliza. "Mbona mnapeana wenyewe?"

"Wewe ulisema uongo," Tumpe akacheka.

"Uongo uliosimamisha kichwa! Bila huo, teke lako lingemkuta kipofu."

Mzee ametundika picha ile ya mwisho, jua na kivuli cha kofia, juu ya cherehani. Asubuhi hushona, kila jioni hutandika kitambaa, hushika chaki na utepe wa kupimia, hutuita: "Haya, nimpime nani?" Mpaka leo hajakata.

Haya, wenye vyeti, na wewe mtoto unayepiga miayo: utepe ule ungeuzungushia kifua cha nani? Amueni kwa haki. Ila changu, mnakiona, ni kipana.