Miji Sita na Benchi Moja

Hii imenifikia kutoka kwa mtu wa Same, naye aliipata kwa mwingine. Naipitisha kwenu kama nilivyoipokea. Isome ukiwa umekaa.

Miaka ya themanini, katika shule moja ya msingi juu ya milima ya Upare, alikuwapo mwalimu wa jiografia aliyeitwa Elinisafi Mrutu. Shule haikuwa na ramani ya Ulaya. Iliyokuwepo ililiwa na mchwa, ikabaki Uturuki na kipande cha Urusi.

Mwalimu Mrutu hakulalamika. Kipindi cha miji ya Ulaya kilipofika, alifunga madirisha ya mbao, akawaambia wanafunzi wa darasa la sita wafumbe macho. Kisha akawatembeza.

"Tumeshuka kwenye treni. Hapa ni Rotterdam. Kulia kwenu kuna mto, umetoka mbali sana milimani na hapa ndipo unapofika baharini. Nuseni, ni mkate. Sasa tazameni juu, ghorofa ya tatu, kuna mama anakung'uta zulia dirishani."

Mtoto mmoja akauliza mama huyo anaitwa nani. Mwalimu akafikiri kidogo, akasema anaitwa Mama Helena. Tangu siku hiyo, kila walipofika Rotterdam walimpitia, na darasa zima likamsalimu kwa sauti moja: "Shikamoo, Mama Helena."

Aliyeuliza aliitwa Kiangi. Alikuwa mchelewaji kuliko wote, maana kila asubuhi alianza kwa kukata majani ya ng'ombe. Mwalimu mwenyewe hakuwa amefika hata Nairobi, wala hakuwaficha jambo hilo. Siku moja Kiangi akamwambia kwamba akikua atampeleka miji yote sita waliyoisoma. Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Aliiandika ubaoni, Hamburg, Lizboni, Marseille, Napoli, Vienna, Rotterdam, akasema, "Nitakungoja."

Ikapita miaka thelathini na minane.

Kiangi akawa fundi wa kreni za bandarini, huko huko Hamburg. Mwalimu akastaafu, akafiwa na mkewe, akahamia kwa binti yake, Nakijwa. Siku moja Kiangi akapiga simu kusema kwamba ahadi imeiva, tiketi ziko tayari. Nakijwa alitaka kumwambia jambo, lakini baba yake akamshika mkono kumzuia.

Mwalimu akafika Hamburg ameshikwa mkono na mhudumu wa ndege, kama wasaidiwavyo wazee wanaosafiri peke yao. Kiangi alikuwa na likizo ya siku nane tu, akaipanga safari kama mtu anayepakia meli. Ndege zilikuwa zile za bei chee, zinazotua kwenye viwanja vilivyo mbali na mji wenyewe. Kwa hiyo kila walipotua walichukua gari la kukodi, wakaingia mjini, wakazunguka, wakalirudisha gari, wakapanda ndege nyingine. Kila mtu aliruhusiwa begi moja dogo, na lilipimwa langoni kwenye kifremu cha chuma. Ili begi lake liingie, Mwalimu alivaa mashati matatu na makoti mawili.

"Nimekuwa kabati," alisema, na Kiangi akamhimiza waendelee na foleni.

Ndani ya ndege Kiangi alimpa kiti cha dirishani. Mwalimu akakataa. "Kaa wewe, unieleze." Kiangi akadhani ni adabu za kizee. Akakaa dirishani, akafungua simu aangalie gari la Lizboni linachukuliwa wapi.

Mjini Lizboni Mwalimu alimshika mkono wa koti, kama wazee wafanyavyo kwenye vijia vya mawe, akamwomba tena amweleze. Kiangi akajibu kwa upole kwamba anajionea mwenyewe, na kwamba gari linatakiwa saa kumi. Marseille ikawa hivyo hivyo. Napoli hivyo hivyo, ila mvua ilinyesha. Kila mji Kiangi alimsimamisha Mwalimu mbele ya kitu kikubwa, akampiga picha, akaweka alama kwenye orodha.

Sisemi kwamba Kiangi alikosea. Mtu aliyebeba ahadi miaka thelathini na minane huwa na haraka ya kuitua.

Walipofika Vienna Mwalimu alimtania. "Ulikuwa unaingia darasani nimeshamaliza kuita majina. Nani kakufundisha kukimbia hivi?" Kiangi alicheka, akaongeza mwendo.

Siku ya saba wakafika Rotterdam, mji wa mwisho. Ndege ya kurudi Hamburg ilikuwa alasiri ile ile, na kesho yake mchana Mwalimu angeanza safari ya kwenda nyumbani. Walikuwa na dakika arobaini tu. Kiangi akaegesha gari kando ya mto na kutoa simu.

Mwalimu akamwambia kwamba hataki picha. Hapo walipo anasikia maji, na mguu wake umegusa benchi nyuma yao. Wakae, na Kiangi amweleze mtaa huu mpaka aumalize.

"Miji mitano umenifikisha, mwanangu, nakushukuru. Huu nipe."

Kiangi alitazama saa. Akamweleza kwamba wakikosa ndege hii, kufika Hamburg kwa wakati itakuwa shida, na safari ya kesho inaweza kuharibika. Kisha akapata wazo: picha zote zimo kwenye simu, watazitazama pamoja ndani ya ndege, taratibu. Akazifungua amwonyeshe.

Kulikuwa na mlango wa gari la Lizboni wenye mkwaruzo, picha nne. Bampa la gari la Marseille. Kipimo cha mafuta cha gari la Napoli. Namba za milango ya uwanja wa ndege. Na katikati ya hayo, Mwalimu mbele ya kanisa, akitazama pembeni. Mwalimu mbele ya jumba la kifalme, akitazama pembeni. Hakuna hata picha moja ambamo Mwalimu alikuwa anaitazama kamera.

Kiangi alishusha simu.

"Mwalimu, nitazame."

Mwalimu akageuza uso kuelekea ilikotoka sauti. Macho yake yalipita juu ya bega la Kiangi, yakatulia mahali pasipo na mtu.

Kiangi akamkalisha kwenye benchi, naye akakaa kando yake. Akauliza ni tangu lini. Mwalimu akamwambia ni presha ya macho. Ilianza kama ukungu, na tangu mwaka juzi anaona mwanga na vivuli tu.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenipeleka hospitali, usingenipeleka Napoli. Na madaktari wa Moshi walishamaliza maneno yao." Mwalimu alipapasa benchi hadi akaupata mkono wa Kiangi. "Kuona sikutegemea. Nilitaka safari hii utembeze wewe."

Kiangi alitafuta namna ya kuanza, akakuta anaijua moja tu.

"Fumba macho, Mwalimu."

Mwalimu akatabasamu. "Yangu tayari. Sasa fumbua yako."

Basi Kiangi akaitia simu mfukoni, akatazama, mara ya kwanza tangu waondoke Hamburg. Akasema mto ni mpana, rangi yake ni ya chai ya maziwa iliyopoa. Akasema kuna mama anaendesha baiskeli, mbele amepakia watoto wawili kwenye kisanduku, mmoja amelala mdomo wazi. Akasema kuna mzee anawamegea ndege mkate, ila kila kipande cha pili anakula mwenyewe. Mwalimu alikuwa na maswali mengi kama mwanafunzi: watu wanatembea haraka au taratibu, milango imepakwa rangi gani, upepo huu unatikisa nini.

Kisha akauliza alilokuwa akilingoja. "Ghorofa ya tatu. Mama Helena yupo?"

Kiangi akayapitia madirisha ng'ambo ya barabara, moja baada ya jingine, bila kuruka.

"Hayupo, Mwalimu. Ila kuna baba mmoja mwenye kipara, anakung'uta kitambaa cha meza."

"Basi Mama Helena amestaafu. Kazi amemwachia mumewe."

Wakacheka hadi Mwalimu akatoa leso. Kiangi, fundi wa kreni mwenye mvi kichwani, akasimama, akaita kwa sauti ya darasani, "Shikamoo, Baba Helena."

"Vipi?" Mwalimu akauliza.

"Ametupungia mkono."

"Marahaba," akajibu Mwalimu kwa niaba yake.

Ndege iliondoka bila wao. Kiangi akawapigia simu wenye gari, akaomba alirudishe Hamburg badala ya pale, wakarudi kwa barabara. Njia nzima alisimulia: ng'ombe weusi na weupe, mitambo ya upepo, mvua inayokuja kwa mbali. Mwalimu naye alimtajia kila mto mkubwa kabla hawajaufikia, kwa mpangilio ule ule aliokuwa akiuchora ubaoni, wala hakukosea hata mmoja. Kesho yake akapanda ndege yake kwa wakati.

Alipofika Upare, majirani walijaa nyumbani kwa Nakijwa. Wakamwomba awasimulie miji sita. Mwalimu akasema mitano walipita tu. Halafu akawaomba wafunge madirisha.

"Fumbeni macho," akaanza. "Tumeshuka kwenye gari. Hapa ni Rotterdam."

Ukimaliza kuisoma, mtumie yule aliyekutembeza mahali kabla miguu yako haijafika.

Funzo: Unayesafiri naye hatakumbuka umemfikisha miji mingapi, atakumbuka pale ulipoacha haraka zako ukakaa naye, ukatazama kwa ajili yake.