Faustila Anyang'anywe Mikononi mwa Nani?

Hadithi hii ukiisikia kwa mwingine, jua ameiiba kwangu, tena ameikata mkia. Sogeeni basi, wakubwa kwa wadogo, twende Roma ya kale, kwenye kichochoro kilichonukia mkate, walikoishi watu watatu wenye vipawa.

Gala, mfua nguo, alikuwa na masikio. Panya akijikuna nyumba ya nne, Gala humkemea aache. Rufio, mwoka mikate, alikuwa na moto. Tanuri lake halikuzimika tangu enzi za babu yake, na ukimpa nafasi atakwambia jua lenyewe huja kwake alfajiri kuomba kaa. Trifosa, mama wa Kigiriki aliyekuwa mtumwa akaachwa huru, alikuwa na maziwa. Hakuyataka. Alikuwa amemzika mwanawe wiki ile ile inapoanzia hadithi hii, na maziwa hayajui msiba.

Sasa, Warumi wale walikuwa na desturi yao. Mtoto akizaliwa, hulazwa sakafuni miguuni pa baba. Baba akimwinua, ni wake. Asipomwinua, mtoto hupelekwa nje akaachwe huko, na aliyeachwa nje hana mtu.

Faustila hakuinuliwa.

Asubuhi ile ya baridi watu walipita jalalani wakisikia kitu kinalia. "Paka huyo," wakasema. Gala akasimama. "Paka gani ana kwikwi?" Akazamisha mikono takatakani mpaka viwikoni, akamtoa mtoto. Bila masikio yale, hadithi ingeishia hapo.

Lakini mtoto alikuwa wa baridi kama samaki. Gala akakimbia naye kwa Rufio. Rufio akaumwaga unga aliokwisha kuukanda, mkate wa mtaa mzima, akamlaza mtoto katika chombo cha kukandia, akakisogeza kwenye mdomo wa tanuri, akawa anamgeuza polepole.

"Utamchoma, mzee!"

"Nyamaza, mama. Nimeunguza mkate lini mimi?"

Siku hiyo mtaa ulishinda njaa, na matusi aliyotukanwa Rufio siwezi kuyarudia mbele ya watoto. Bila moto ule, hadithi ingeishia hapo.

Mtoto akapata joto, akafungua kinywa. Cha kukijaza hakuna. Hakuna aliyethubutu kumgongea Trifosa, maana nani amwombe mfiwa kitu kama kile? Alikuja mwenyewe. Akaketi juu ya gunia la unga, akamnyonyesha, machozi yakidondoka kwenye utosi wa mtoto. Bila maziwa yale, basi tena, mngekuwa mmekwisha kwenda kulala.

Wakamlea wote watatu. Akakua mrembo, mwenye kucheka ovyo, mpaka akaposwa na Karo, fundi viatu wa mtaa wa pili. Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Harusi ya Kirumi ilikuwa na kioja chake. Bibi harusi humkumbatia mama yake, na wenzake bwana harusi huja kumnyang'anya kama wanaomteka. Mama hung'ang'ania, wageni hupiga kelele, ndipo msafara wa mienge hutoka. Na yule aliyenyang'anywa binti ndiye mama mbele ya miungu, ndiye bibi wa watakaozaliwa.

"Tutamshika wote," akasema Gala jioni ya harusi.

"Mtamshika wote?" Nevia, kungwi wa harusi, akapiga kofi paja lake. "Mikono miwili, si sita! Kijana anamnyang'anya mama, hanyang'anyi soko."

"Basi mimi," akasema Rufio.

"Wewe? Bibi mwenye ndevu?"

"Ndevu nitanyoa, dada. Na ukitaka nivae ushungi, nitavaa."

Watu wakacheka, ila Rufio hakucheka. Faustila alimwona akijifuta macho kwa kiganja chenye unga, akijipaka uso mzima.

"Mpeni Trifosa," Gala akanong'ona.

"Bila wewe ningemnyonyesha nani, shoga?" Trifosa akajibu, lakini mikono yake ilikuwa imekwisha kufunguka yenyewe.

 Siku aliyozaliwa Faustila hakuna aliyemwinua. Leo alitaka kitu kimoja tu: mji mzima umwone mtu anamng'ang'ania, anakataa kumwachia. Na ili ampe mmoja heshima hiyo, ilibidi wawili wasimame kando wakimtazama.

Nje filimbi zikalia. "Tunakuja kumchukua!" vijana wakapiga kelele, mlango ukitikisika.

"Chagua, mwanangu," akasema Nevia, safari hii kwa upole.

Faustila akaitazama mikono ya Gala, iliyochanika kwa maji ya kufulia, ile iliyozama jalalani. Akaitazama ya Rufio, yenye makovu ya moto, iliyomgeuza polepole asiungue. Akaitazama ya Trifosa, iliyokuwa mitupu kabla yake, na ambayo jioni hii ingekuwa mitupu tena.

Akateremsha shela lake la rangi ya moto, akafunika uso. Akapiga hatua moja. Mlango ukafunguka.

Chini ya shela lile hata mimi, bingwa wa wasimulizi, siwezi kuona macho yake yaliangalia wapi. Haya, ninyi mliokaa kimya, mliolelewa na watu, semeni: ingekuwa ni wewe, ungekimbilia mikono ya nani?