Sahani ya Idi Pili

Nina kesi, na msinikatize kabla sijamaliza.

Mtaani kwetu waliishi watu watatu. Bi Tatu alikuwa na ulimi usioogopa mtu. Haji Makame alikuwa na mikono. Akipika yeye, hata aliyeshiba husogea. Mwanahawa alikuwa na pua: ulichokaanga jana, leo anakijua.

Palikuwa pia na mtoto, Ruzuna, ambaye karanga humziba koo. Idi iliyopita kipande cha kashata kilimlaza hospitali, akapona kwa rehema ya Mungu tu. Na kwetu watoto hula Idi barazani, sinia moja. Safari hii mama yake akasema, "Atakula ndani, peke yake." Mtoto akalia.

Bi Tatu akasikia. Akapita nyumba hadi nyumba. "Sinia la watoto halitiwi karanga. Anayezitaka akazile chumbani kwake."

"Idi gani hiyo bila kashata, Bi Tatu?"

"Basi mzikeni mtoto, kashata mtazila kwenye hitima."

Majirani wakakubali.

Haji Makame akaweka kando karai lake la zamani lililozoea karanga, akaazima jingine safi, akapika visheti na kashata za nazi. Watoto walipozionja, hakuna aliyeulizia karanga.

Siku yenyewe ikaja sahani ya bajia kutoka kwa jirani, imefunikwa kawa. Kawa likafunuliwa, Ruzuna akachukua moja. Haijafika mdomoni, Mwanahawa akamdaka mkono.

"Hizi zimekaangwa kwa mafuta ya karanga."

"Nilikatazwa karanga," jirani akasema. "Mafuta sikukatazwa."

Kwetu sahani hairudishwi. Mwanahawa akaipokea, akashukuru, akaipeleka ndani, kisha akamnawisha mtoto kwa sabuni. Ruzuna akala na wenzake mpaka tumbo likawa ngoma.

Sasa, Idi pili kila nyumba hupeleka sahani moja ya shukrani, kwa mtu mmoja. Wote watatu wakaitaka ya kina Ruzuna.

"Bila mimi sinia lingejaa karanga," akasema Bi Tatu.

"Maneno hayaliwi, dada," Haji Makame akamjibu. "Bila kashata zangu, watoto wangekwenda kutafuta za karanga kwingine, wakarudi nazo vidoleni."

Mwanahawa akacheka. "Na bila mimi saa hizi mngekuwa makaburini mnamzika mtoto, si hapa mnajisifu."

Usiniambie wagawane, huko ni kukwepa kesi. Ruzuna yuko mlangoni, sahani mikononi, pilau inapoa. Wewe ungemwambia akapige hodi kwa nani?